Nimesahau vidonge vya majira siku tatu. Nimeze vyote kwa pamoja?

Mama D, Morogoro
Habari zenu. Mwanangu ana mwaka na miezi miwili, na huu ni mwezi wangu wa tatu kwenye vidonge vya majira, pakiti ya 28. Ijumaa tulipigiwa simu ya msiba Makambako. Nikambeba mtoto na khanga mbili, pakiti ikabaki kabatini. Nimerudi leo Jumatatu asubuhi, vidonge vitatu vya wiki ya pili bado vipo. Nimeze vyote? Mume hakusafiri, ila Alhamisi tulikutana. Halafu huko msibani wifi akaniambia vidonge hurundikana kwenye kizazi, siku nikitaka mtoto sitampata. Jana sikulala.

Nesi wa Kilosa
Pole na msiba, mdogo wangu. Nimekaa chumba cha uzazi wa mpango miaka 19, na swali lako nimelisikia sana.

Usimeze vitatu. Meza kimoja sasa hivi, na cha leo ukimeze saa yako ya kawaida, hata vikiwa viwili siku moja. Endelea na pakiti, na mtumie kondomu siku saba. Sasa hiyo Alhamisi: vidonge vya dharura hutumika ndani ya siku tano, lakini nguvu yake hupungua kadiri siku zinavyopita. Nenda kituo cha afya leo, usingoje kesho. Ungekuwa umesahau vile vya kahawia vya mwisho, nisingekusumbua; mara nyingi ni madini ya chuma tu.

Wifi yako mwambie hivi: kidonge huyeyuka tumboni kama cha malaria, dawa ikaingia kwenye damu. Huko huzuia yai lisipevuke, na ute wa mlango wa kizazi huwa mzito, mbegu zisipite. Ndiyo maana hata kukimeza kila siku ni lazima: hakibaki mwilini. Ukiacha, unaweza kushika mimba mwezi huohuo. Inayochelewesha ni sindano.

Je, walikupima presha kabla ya kukupa? Na unaumwa kichwa kinachoanza kwa kuona vimulimuli?

Binti Tukuyu
Naongeza jambo moja, tafadhali lisomeni. Mimi sikusahau hata siku moja. Nilianza dozi ya kifua kikuu, hakuna aliyeniuliza natumia njia gani, nami sikujua kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa za dozi hiyo, hupunguza nguvu ya vidonge. Mwezi wa nne nikawa mjamzito. Mwanangu nampenda kuliko macho yangu, lakini nilistahili kuambiwa. Baadhi ya dawa za kifafa nazo zina tabia hiyo. Mkiandikiwa dawa yoyote, semeni wenyewe.

Mama D, Morogoro
Dada nesi, asante sana. Kimoja nimeshameza. Kichwa hakinisumbui, ila presha hawakunipima. Namvalisha mtoto viatu, tunatoka sasa hivi.

Nesi wa Kilosa
Wakupime leoleo. Na pakiti ihamie kwenye mkoba.