Naomba ushauri: Salamu za upole zisizokoma zinaweza kuwa kosa mbele ya mahakama za Uingereza?

BintiMakorora: Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Leicester. Mwanamume niliyeachana naye hajawahi kunitukana wala kunitishia, ila kila nikizuia namba yake huibuka na nyingine, "nakujulia hali tu, mpenzi", na zaidi ya mara moja nimemkuta kwenye kituo cha basi ninapopandia kwenda zamu ya usiku. Juzi amempigia mama yangu Tanga kumuuliza kama nimehama. Mwanzoni nilikuwa nikimjibu, tena vizuri. Je, hakimu hatasema hizi ni salamu tu?

WakiliMstaafu: Pole sana, dada yangu. England na Wales wanatumia sheria ya mwaka 1997 ya kuwakinga watu na usumbufu, ambayo mwaka 2012 iliongezewa makosa mahususi ya kumwandama mtu. Mahakama haipimi salamu mojamoja. Inatazama kama upo mfululizo wa matendo, angalau mara mbili, na kama mtu wa kawaida mwenye busara, akiwa anajua yote anayoyajua huyo bwana, angetambua kuwa anamsumbua mwenzake. Ndiyo maana kusema "sikuwa na nia mbaya" hakumwokoi mshtakiwa. Kumtafuta mtu kwa njia yoyote na kurandaranda mahali fulani ni mifano iliyotajwa ndani ya sheria yenyewe. Kosa kubwa zaidi, la kifungu cha 4A, lenye kifungo cha hadi miaka 10, nalo halidai tishio la kupigwa: inatosha kuthibitisha taharuki au dhiki kubwa iliyovuruga vibaya maisha yako ya kila siku. Umebadili njia? Umeomba kuhamishwa zamu? Hayo yana uzito kuliko maneno yake matamu.

MzeeWaKisutu: Nakubaliana nawe, mkuu, lakini tusimpe matumaini ya bure. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia katika kesi yenye matukio sita ndani ya miezi tisa, kwa kuwa uhusiano ule ulijaa ugomvi wa pande zote mbili. Wakili wa utetezi atayasoma majibu yako ya mwanzoni kwa sauti, tena polepole.

BintiMakorora: Basi nizifute zile jumbe nilizomjibu?

WakiliMstaafu: Hata kidogo! Ukifuta utaonekana unaficha jambo. Sheria haikulazimishi kumkataza kwanza, lakini ukimwandikia mara moja tu kwamba hutaki mawasiliano, kisha ukanyamaza, itakuwa vigumu kwake kudai hakujua. Ripoti polisi mapema, kwani chini ya sheria ya mwaka 2019 wanaweza kuiomba mahakama amri ya kumzuia hata kabla hajatiwa hatiani, na akiikiuka bila sababu ya msingi atakuwa ametenda kosa la jinai. Mama naye aihifadhi ile namba, na aandike leo hii alichoulizwa, kabla maneno hayajamchanganyikia.