Jaji aulizwe au asiulizwe kuhusu mimba na uzazi wa mpango kabla hajaapishwa?

Shemeji yangu ni mzee wa kanisa, mtu mwadilifu, na kwa jambo hili hatuelewani. Anashikilia kwamba anayeomba ujaji asiulizwe anauonaje utoaji mimba, wala mambo ya uzazi wa mpango. "Shemeji," aliniambia tukiwa bado na vikombe mkononi, "jaji akishatangaza msimamo wake, atakayefikishwa mbele yake kesho ameshafungwa leo." Mimi nasema aulizwe, tena hadharani, na ajibu. Nauleta mjadala huu kwenu kwa sababu sisi wawili tumeshauzungusha mwaka mzima.

Mimi ni muuguzi katika kaunti ya Kilifi. Yuko mama mmoja anayekuja kwetu kila baada ya miezi mitatu kuchomwa sindano ya kupanga uzazi. Huja siku ya soko, akiwa na kapu la mchicha, ili akiulizwa alikuwa wapi awe na jibu. Kadi yake haendi nayo nyumbani. Hukaa kwetu, droo ya chini, ndani ya bahasha ya kaki. Nilipomshauri aweke kijiti apumzike na safari, alinionyesha mkono wake akasema, "Sista, hapa mume wangu atakigusa." Siku moja akaniuliza kama kweli sindano hizi zitaendelea kuwepo, maana alisikia redioni watu wakizipinga. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, Kenya imekuwa na mpango wa uzazi tangu 1967. Lakini nilipokuwa peke yangu nilijiuliza, ahadi ile nimempa kwa mamlaka ya nani?

Kwa sababu huko Marekani wanawake walipewa ahadi kama hiyo. Jimbo la Connecticut lilikuwa na sheria ya mwaka 1879 iliyokataza hata mke na mume kutumia kinga ya mimba. Mwaka 1961 Estelle Griswold na daktari Lee Buxton walifungua kliniki mjini New Haven, wakakamatwa, wakatozwa faini ya dola 100 kila mmoja. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria ile kwa kura 7 dhidi ya 2, ikisema serikali haina ruhusa ya kuingia chumbani mwa wanandoa. Juu ya msingi huo wa faragha ndipo ilipojengwa hukumu ya Roe ya mwaka 1973 iliyotambua haki ya kutoa mimba.

Sasa tazameni yaliyofuata, maana hapa ndipo ninapotofautiana na shemeji. Mwaka 1987 Rais Reagan alimteua Robert Bork kuwa jaji wa Mahakama hiyo ya Juu, uteuzi ambao lazima Seneti iupitishe. Bork alikuwa ameandika wazi, tangu 1971, kwamba hukumu ile ya Griswold haikuwa na msingi katika Katiba. Maseneta wakamuuliza, akajibu kama alivyoamini, wakamkataa kwa kura 58 dhidi ya 42. Sikubaliani naye hata chembe, lakini namheshimu: alisema, watu wakasikia, wakaamua. Walioteuliwa baada yake wakajifunza kufunga mdomo. Clarence Thomas mwaka 1991 aliwaambia maseneta hakumbuki kuwahi kuijadili Roe. Mwaka uliofuata tu alikuwa miongoni mwa majaji waliotaka ifutwe. Brett Kavanaugh mwaka 2018 alieleza jinsi hukumu ile ilivyokuwa imethibitishwa mara kwa mara, na tarehe 24 Juni 2022 akawa mmoja wa walioiangusha. Siku hiyo hiyo Thomas akaandika kwamba na ile ya Griswold nayo inafaa kutazamwa upya. Yaani kinga ya mimba! Jambo ambalo mama wa kapu la mchicha anaona ni lake na nesi wake.

Ruth Bader Ginsburg alifanya kinyume chao. Mwaka 1993 aliwaambia maseneta bila kuzunguka kwamba uamuzi wa kuzaa au kutozaa ni kiini cha maisha na heshima ya mwanamke. Alipitishwa kwa kura 96 dhidi ya 3. Kwa hiyo anayesema kujibu kunamharibia mtu, au kunaiharibu mahakama, aniambie kwa Ginsburg kuliharibika nini.

Turudi nyumbani. Niseme ukweli wangu: katika kura ya maoni ya 2010 kuhusu Katiba mpya mimi nilipiga nyekundu, La. Nilitoka ibadani nimeshawishika kwamba kifungu cha 26 kinaleta mauaji ya watoto tumboni. Sikuwa nimekisoma. Nilikuja kukisoma baadaye, kazini, baada ya usiku mmoja wa mwaka 2015.

Mama alimleta binti wa miaka 17 kwa bodaboda, wamemkalisha katikati, leso imelowa damu hadi miguuni. Alikuwa amekunywa vitu alivyopewa na mtu mtaani. Tulikuwa wawili zamu, na mwenzangu alisimama na glavu mkononi bila kuzivaa, akaniuliza, "Tukimgusa, si watasema ni sisi?" Wizara ya Afya ilikuwa imeuondoa mwongozo wake wa mwaka 2012 kuhusu utoaji mimba usio salama, na mafunzo yakapigwa marufuku. Kumsaidia anayevuja damu hakukuwa kosa hata siku moja, lakini hofu haisomi sheria. Tulipoteza dakika ambazo hatukuwa na haki ya kuzipoteza. Tulimhudumia, akapona. Kwenye rejista niliandika mimba imeharibika, na kalamu ilikuwa ikiteleza kwa jasho.

Ndipo nikafungua Katiba. Kifungu cha 26 kinasema uhai unaanza mimba inapotungwa. Kisha kinasema utoaji mimba hauruhusiwi, ila pale ambapo mhudumu wa afya aliyefunzwa ataona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Huku Kanuni ya Adhabu, ya tangu ukoloni, ingali inatishia miaka 14 kwa anayetoa mimba na miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Mimi ni mhudumu wa afya aliyefunzwa, au maneno hayo ni ya daktari peke yake? Na hiyo afya ni ya mwili tu, au na ya akili? Katiba inanyamaza hapo, anayejibu ni jaji.

Na majaji walijibu. Mwezi Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisikiliza kesi ya msichana anayetajwa kwa herufi JMM. Alibakwa akiwa na miaka 14, mimba ikatolewa na mtu asiye na ujuzi, figo zikaharibika, akafariki 2018 kabla ya kuisikia hukumu yake. Majaji walisema wizara ilikosea kuuondoa mwongozo ule, wakasema afya inahusu mwili na akili, wakaamuru mama yake alipwe shilingi milioni 3. Mwaka 2022, Jaji Reuben Nyakundi huko Malindi, katika kesi iliyotoka kwetu Ganze ambako polisi waliingia zahanati na kumkamata mgonjwa na mhudumu, alisema huduma ya kutoa mimba ni haki ya msingi chini ya Katiba na kwamba kuwakamata hivyo ni kinyume cha sheria. Hukumu hiyo ikakatiwa rufaa. Wangekuwa wengine kwenye viti vile, yaelekea ningekuwa nafanya kazi nyingine leo.

Shemeji atasema: umeona, unataka majaji wa upande wako. Hapana. Nataka nijue nani anakaa pale. Yeye pia ana haki ya kujua, maana naye ana la moyoni na analiamini kwa dhati.

Kinachoniuma ni namna tulivyoulizana mwaka 2011. Willy Mutunga alipopendekezwa kuwa Jaji Mkuu na Nancy Baraza kuwa naibu wake, viongozi wa makanisa waliwapinga kwa nguvu. Walikuwa na haki ya kupinga. Lakini nchi nzima ikajikuta inazungumzia kipuli cha sikio la Mutunga! Mutunga mwenyewe hakukivua, akaeleza kinamaanisha nini kwake, na Bunge likawaidhinisha wote wawili mwezi Juni. Tulikuwa na nafasi ya kumuuliza Jaji Mkuu wa kwanza chini ya Katiba mpya anavyokisoma kifungu cha 26, nasi tukabaki tunamtazama sikio.

Tena wanaopita Bungeni ni Jaji Mkuu na naibu wake tu. Hao wengine wote, wakiwemo wa Mahakama Kuu ambako kesi kama ya JMM huanzia, hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, wakaapishwa. Tume huwahoji hadharani, na kabla ya hapo huchapisha majina na kumwalika mwananchi yeyote apeleke maoni. Ni wangapi kati yetu tumewahi kupeleka? Mimi, sijawahi. Safari ijayo nitapeleka, na nimeshaandika maswali yangu. La kwanza: neno "afya" katika kifungu cha 26 unalielewaje? La pili: muuguzi wa zahanati ya kijijini ni "mhudumu aliyefunzwa" au siye? La tatu: kifungu cha 43 kinaposema kila mtu ana haki ya huduma za afya ya uzazi, mume ana kura ya turufu humo?

Sitamuuliza anasali wapi. Sitamtaka aahidi kumpa fulani ushindi, na akiahidi hafai. Kueleza unavyoisoma Katiba ni kazi yenyewe ya ujaji, na anayeshindwa kuifanya mbele ya kamera sijui ataifanyaje mbele ya mama wa JMM.

Nilimsomea shemeji maswali hayo. La kwanza alilikubali. La pili akasema niwaachie wizara. La tatu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo hadi leo linanisumbua: "Na binti ambaye amemsikia huyo jaji kwenye televisheni, akajua hayuko upande wake, ataamka kwenda kushtaki kweli?"

Sina jibu la kumtosheleza. Mwenye nalo, alilete.