Safari ya kwanza ng'ambo, nataka vijiji na milima. Mpango wangu una kasoro gani?

Mwalimu_Kasarani
Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa kweli, hata kama utauma. Nimevuka mpaka mara moja tu, Namanga, kwa hati ya muda, harusi ya binamu, tukarudi kesho yake. Pasipoti nimeichukua Nyayo House mwezi jana, haina hata muhuri mmoja. Kwa miaka mitatu nimeweka akiba kwenye Sacco, sasa nina laki nne na nusu.

Miji mikubwa siitaki. Msongamano nauona kila asubuhi Thika Road. Nataka maziwa, milima, ng'ombe wenye kengele shingoni. Likizo ya Agosti, siku tisa, peke yangu: Zürich, Luzern, Lauterbrunnen, Zermatt, zote Uswisi, kisha nivuke hadi Hallstatt kule Austria, nimalizie Vienna. Viza bado. Nianzie wapi?

Kiatu_Kilichoisha
Dada, huo ni utalii wa ndani ya behewa. Kutoka Lauterbrunnen hadi Hallstatt ni kutwa nzima ya kubadilisha treni, na ukishuka stesheni bado uko upande wa pili wa ziwa unangoja kivuko. Kijiji chenyewe hakina hata wakazi elfu moja, lakini Agosti mabasi ya watalii humwaga watu tangu asubuhi. Utaikimbia Thika Road uikute huko.

Futa Austria yote. Futa Zermatt pia. Kaa bonde la Lauterbrunnen siku saba, mbili zilizobaki ziwe za Luzern. Pale kuta za mawe zimesimama pande zote mbili, na maporomoko ya Staubbach yanaanguka karibu mita 300 nyuma ya nyumba za watu, kana kwamba ni bomba lililosahauliwa wazi. Wengen na Mürren ziko juu ya kingo za bonde na magari hayafiki. Wengen unapanda kwa treni ya meno, Mürren unaanza kwa kijumba kinachoning'inia kwenye waya. Kengele za ng'ombe utazisikia, usijali.

Siku niliyoipenda kuliko zote sikulipa senti ya nauli. Nilitembea kando ya mto hadi Stechelberg, njia tambarare, mkate na jibini la dukani mfukoni. Nunua chakula kwenye maduka ya Coop au Migros, mikahawa itakumaliza. Jumapili maduka mengi hufungwa isipokuwa ya stesheni. Maji ya bomba kunywa tu. Chukua kadi ya nusu nauli ya watalii, inatumika mwezi mmoja na inakata nusu ya bei kwenye treni, mabasi na meli nyingi.

Jungfraujoch, stesheni ya treni juu kabisa mlimani, utashawishiwa kupanda. Ni mita 3,454, na nauli kamili ya kwenda na kurudi hupita faranga 200. Mimi sikupanda. Kilele chetu cha Lenana, Mlima Kenya, kina 4,985.

Mama_Ciku
Mwalimu, usilipe tiketi ya ndege kabla ya viza. Ada ya viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na Agosti wanaomba wengi, kwa hiyo wahi. Ukibaki Uswisi peke yake unaomba Uswisi, basi. Ukichanganya nchi, unaomba ile utakayokaa siku nyingi zaidi.

Pesa za Sacco zitoe sasa, usizimwage benki wiki moja kabla ya miadi. Binti yangu alifanya hivyo, tena wakala mmoja hapa mjini akamtengenezea karatasi za hoteli za kughushi. Akanyimwa. Wewe una barua ya mwajiri na hati ya mshahara, hizo ndizo ngao yako.

Mzee_wa_Voi
Samahani, nitaharibu sherehe. Umewahi kwenda Lushoto, kule Tanzania? Panda basi la Namanga, Arusha, Moshi, ushuke Mombo, halafu kama kilomita 33 za kona hadi juu. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, ujue walikumbuka kwao. Simama pale Irente uitazame nyika chini ya miguu yako, ule jibini la shamba la hapo hapo. Pasipoti na cheti cha homa ya manjano tu, viza huombi. Ukitaka ziwa, Bunyonyi kule Kabale, Uganda, hata kitambulisho kinatosha.

Kiatu_Kilichoisha
Mzee, akiba ni yake na ndoto ni yake. Mwache aende Uswisi.

Mzee_wa_Voi
Sijamzuia. Lakini mtu hajui kama anapenda kusafiri peke yake mpaka alale usiku wa tatu bila wa kuongea naye. Heri alijue hilo Lushoto kwa elfu thelathini.

Mwalimu_Kasarani
Mzee, hapo umenishika. Usiku wa tatu sikuwa nimeufikiria kabisa.

Basi Austria nimefuta, nimeumia kidogo. Fomu za viza naanza wiki hii, na Jumamosi napita Sacco. Likizo ya Aprili naenda Lushoto siku nne, peke yangu, nijipime.

Mzee_wa_Voi
Aprili ni masika, mwalimu. Njia za msituni ni tope tupu.

Mwalimu_Kasarani
Ninazo gambuti za shamba, za Nyandarua. Zitafaa?

Mzee_wa_Voi
Hizo hizo.