Kigari moshi cha Babu

*Kikundi: WAJUKUU WA MUTHURWA*

Zuhura: Asalamu alaikum jamaani. Nimefungua lile sanduku la chuma la marehemu Babu, chini ya makoti nikakuta hiki kigari moshi cha kuchezea. Picha hizo hapo juu. Nani anakijua?

Shangazi Mwanaisha: Waalaikumu salaam. Hicho! Tulikuwa tukikigusa tu, tunachapwa.

Kassim: Si Babu alikiunda mwenyewe kule karakana ya reli? Hiyo ni injini ya Garratt.

Mjomba Hamadi: Kassim, Garratt umeiona wapi wewe? Garratt boila liko katikati, na ina seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma. Nenda makumbusho ya reli Nairobi ukaitazame 5918 Mount Gelai, kazi ya Beyer Peacock wa Manchester. Hii ina magurudumu manne madogo mbele, manne makubwa nyuma, basi. Tena nyeusi. Zetu za shirika la reli la East African zilikuwa damu ya mzee.

Kassim: Sawa mjomba, nimekaa 😂

Mjomba Hamadi: Zuhura, chukua rula. Pima nafasi kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, kwa ndani.

Zuhura: Haifiki milimita 30.

Mjomba Hamadi: Basi reli yake ni ya upana wa milimita 32, saizi wanayoiita 0. Ile ya 1 reli yake ni 45. Chini ya boila kuna taa ya spiriti?

Zuhura: Hakuna. Ila ubavuni pana tundu.

Mjomba Hamadi: La ufunguo hilo. Inakwenda kwa springi, moshi haijawahi kuuona.

Zuhura: Juu ya gurudumu imeandikwa GEORGE THE FIFTH. Na namba 2663.

Kassim: Mfalme wa Uingereza. Imeundwa Uingereza, kesi kwisha.

Mjomba Hamadi: Haijesha. Hiyo 2663 ni injini ya kweli ya kampuni ya London and North Western, ilitoka karakana yao ya Crewe mwaka 1910. Na weusi huo ndio rangi yao. Lakini jina na namba vinakwambia nani ameigwa, havikwambii nani ameiga. Pindua, tafuta herufi ndogo ndogo.

Zuhura: Ngoja niwashe tochi.

Zuhura: G B N. Nimetuma picha.

Mjomba Hamadi: Ahaa! Gebrüder Bing, kiwanda cha vitu vya kuchezea cha Nürnberg. Mjerumani huyo! Kulikuwa na muuzaji Northampton, Bassett-Lowke, akiuza mifano ya injini za Kiingereza, na nyingi alikuwa akiagiza kwa Bing. Baada ya vita vya kwanza Bing wakabadili alama, ikawa BW. Na vita vilipoanza 1914 mizigo ya Ujerumani ilikuwa haiingii tena Uingereza. Kwa hiyo naiweka kati ya 1910 na 1914.

Kassim: Yaani Mjerumani kamuundia Mwingereza mfalme wake, halafu wakaenda kupigana 🤣

Shangazi Mwanaisha: Sasa nimekumbuka. Bosi wake Baba, yule mhandisi mzungu, alipokuwa anarudi kwao wakati wa uhuru aligawa vitu vyake. Baba akapewa hilo sanduku na vilivyomo.

Kassim: Bei yake je?

Mjomba Hamadi: Wewe na bei! Kwanza isiguswe.

Zuhura: Mjomba, nilishatoa siki na stilwulu nitoe kutu…

Mjomba Hamadi: WEKA CHINI. Thamani yote iko kwenye hiyo rangi. Kitambaa kikavu, kwisha.

Shangazi Mwanaisha: Na ufunguo?

Kassim: Kuna kifunguo kwenye kopo la vifungo la Bibi, siku zote tunajua ni cha saa ya ukutani.

Zuhura: Kilete Jumapili.

Mjomba Hamadi: Kilete, ila mtu asikizungushe mpaka nifike. Springi ya miaka mia ikikatika inang'oa meno ya gia.

Kassim: Nishakijaribu kwenye saa, hakiingii 👀