Mrejesho: kahawa ya ofisini kwetu sasa inanyweka

Wadau, niliomba njia ya kupata kahawa nzuri upesi kwenye ofisi yetu ndogo isiyo na jiko. Nimenunua lile birika la kioo lenye kichujio cha kusukuma mlilonishauri, asanteni sana! Arabika ya Kilimanjaro, gramu 60 kwa lita moja ya maji yaliyotoka kuchemka, dakika 4, nasukuma, namimina.

Kubwa zaidi ni usagaji. Ule unga laini wa kahawa niliotumia mwanzoni ulipita kwenye kichujio ukajaa kikombeni. Sasa naomba dukani wanisagie chengachenga. Halafu kahawa ikiwa tayari naihamishia yote kwenye chupa ya chai papo hapo, maana ikikaa juu ya mashapo inazidi kuwa chungu. Mashapo yanaenda kwenye ndoo ya taka, si kwenye sinki.