Amenipokonya kipanya mbele ya wateja na kusema sijui kutumia intaneti

Wanajamvi, ninaandika mkono ukiwa bado unatetemeka. Yule bwana wa kompyuta wa jengo letu hapa Upper Hill mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo ni tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT, na programu inayopeleka ankara zetu eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, haijaunganika tangu asubuhi, kwa sababu juzi alituweka sote nyuma ya seva ya proksi, yaani kompyuta ya kati ambayo intaneti yote lazima ipitie, bila kumwarifu mtu. Nilipomwita, alinipokonya kipanya, akafungua ukurasa wa habari kwenye kivinjari, kisha akawageukia wateja wawili walioketi mezani pangu: "Mnaona? Intaneti ipo. Huyu mama hajui kuitumia."

Mbele ya wateja!

Kivinjari kufunguka hakuthibitishi lolote. Chenyewe husoma mipangilio ya proksi ya Windows, ilhali programu nyingine hutegemea WinHTTP, sehemu ya Windows ya kuunganisha programu na intaneti, yenye mipangilio yake, au hujaribu kutoka moja kwa moja na kugonga ukuta. Alipoondoka niliandika netsh winhttp show proxy, nayo kompyuta ikajibu kwamba hakuna proksi yoyote iliyowekwa. Dawa ni mstari mmoja, netsh winhttp import proxy source=ie, ila unataka haki za msimamizi, na nywila hiyo anayo yeye peke yake. Mkono ule ulionipokonya kipanya ungeandika mstari huo, ningekuwa nimemaliza kabla ya chai ya saa nne. Badala yake, "huyu mama hajui"!

Fundi wa Ngara: Pole, dada. Lakini kipanya ulikiachia vipi? Mimi ningekishika kwa mikono miwili.

Karani Westlands: Afadhali yako. Proksi yetu hudai jina na nywila. Nilibadilisha nywila Jumatatu, programu ya barua pepe ikaendelea kupeleka ile ya zamani kimyakimya, ikirudishiwa kosa 407, yaani proksi inadai utambulisho, hadi akaunti yangu ikafungwa. Sasa naambiwa nijaze fomu.

Msafiri wa Thika Road: Sisi tulipewa cheti cha proksi, faili la kuifanya simu iiamini proksi, tukiweke kwenye simu. Kivinjari kikakubali, programu ya benki ikakataa katakata, maana tangu Android 7 programu haziamini cheti alichoongeza mtumiaji, ila zile ambazo watengenezaji wake wameruhusu. Aliyetupa cheti anatuambia tununue simu nyingine.

Karani Westlands: Heri simu. Fomu yangu inataka saini tatu, na mmoja wa watia saini yuko likizo.

Mwanzilishi wa uzi: Ndugu zangu, ni saa kumi na nusu, ankara 14 bado zimekwama, na wale wateja wameondoka wakiamini maneno yake. Je, kuna mwenye kujua njia isiyohitaji nywila ya msimamizi?

Msafiri wa Thika Road: Karani, hiyo fomu hupelekwa kwa nani? Hata sisi tumeletewa moja leo.