MREJESHO: Wiki ya Maridhiano shuleni kwa binti yangu

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo sisi wahamiaji hapa Melbourne, Australia, tunahusika na Wiki ya Maridhiano shuleni, wiki ya kupatanisha wenyeji wa asili wa nchi hii na Waaustralia wengine. Mlisema niende. Nimekwenda, asanteni sana.

Bibi mmoja wa Wawurundjeri, Waaborijini wenye ardhi hii, alichoma majani mabichi ya mkaratusi, desturi yao ya kukaribisha na kutakasa, watoto wakapita kwenye moshi mmoja mmoja. Harufu ile ile ya mikaratusi ya kwetu Njombe, kumbe asili yake ni huku!

Mwalimu akaeleza kwa nini wiki huanza Mei 27 na kuisha Juni 3: ni kumbukumbu za kura ya maoni ya 1967 iliyoruhusu Waaborijini kuhesabiwa katika sensa ya taifa, na hukumu ya Mahakama Kuu ya 1992 katika kesi ya Eddie Mabo, iliyotambua haki ya wenyeji juu ya ardhi yao. Nililengwa na machozi.

Sasa mgeni akibisha hodi, binti yangu anamjibu "Wominjeka", yaani karibu kwa lugha ya Wawurundjeri.